Kambale wa Mwanaidi Walioota Miguu

Vijana wangu mlioko kazini, naanza kwa ombi moja: acheni kunitumia picha. Nimestaafu, nakaa zangu Nguvumali hapa Tanga, nanywa chai yangu na mkate wa kumimina, na kila nikifungua simu nakuta picha ya maji machafu yenye vidoa vyeusi. Chini yake mmeandika, "Mama shikamoo, hawa ni kambale au si kambale?" Marahaba. Sijui. Na wewe hujui, na aliyekutumia hajui. Vaa gambuti uende bwawani, chota maji, yatie kwenye beseni, mpindue mmoja umtazame tumbo. Halafu wewe ndiye uje kuniambia mimi.

Najua mnasemezana kwamba Mama Samaki amekuwa mkali uzeeni. Mmekosea. Ukali ninao tangu ujana, ila zamani nilikuwa na kazi nyingi, sikupata nafasi ya kuutumia wote. Sasa nafasi ninayo, na hasira niliyonayo ni ya haki, na nitawaeleza ilikotoka.

Maisha yangu yote ya utu uzima nimefanya kazi ya vifaranga vya samaki. Nilianza kituoni, tukizalisha perege na kambale, kisha nikapelekwa vijijini, kuanzia Muheza mpaka Mkwaja, kufundisha watu kuchimba mabwawa na kulisha. Aliyenifundisha mimi aliitwa Mzee Sefu, Mdigo mmoja mfupi, mpole, ambaye hata ukimwaga ndoo nzima ya vifaranga mchangani hapazi sauti. Anakutazama tu, na wewe unatamani angekupiga. Alikuwa na beseni jeupe la bati, limebanduka rangi ukingoni, na hakuna mgeni wa kazi aliyepita bila kukutana nalo. Siku yako ya kwanza analijaza maji, anatia vifaranga vya kambale, anatia na viluwiluwi wa vyura waliotaga juu ya matangi yetu, anavuruga, anakwambia tenganisha.

Mnacheka. Nendeni mkajaribu. Kifaranga cha kambale kikiwa kidogo ni cheusi, kichwa kikubwa, mkia mrefu unaotikisika. Kiluwiluwi naye ni wa kahawia iliyoiva karibu na weusi, kichwa na tumbo vimeungana vikawa donge moja, nyuma mkia. Wote wawili hupanda juu kugugumia hewa, wakashuka. Ukisimama ukingoni na mikono mfukoni, kama mnavyosimama nyinyi, utaapa kwa kila kiapo kwamba ni ndugu wa mama mmoja. Mimi siku yangu niliapa. Mzee Sefu akanishika mkono taratibu akaniambia, "Mgongoni wote weusi, mwanangu. Mpindue."

Basi sikilizeni, maana hili ndilo mtakalokuja kulitafuta mimi nikiwa sipo. Mlaze kiganjani chali, kiganja kikiwa na maji, usimkaushe. Kiluwiluwi tumbo lake lina ngozi nyembamba, na ndani yake utauona utumbo umejikunja duara ndani ya duara, kama ile dawa ya mbu ya kuchoma. Umekuwa mrefu hivyo kwa sababu chakula chake ni majani: anakwangua utando wa kijani kwenye mawe na vijiti, na chakula cha namna hiyo kinataka safari ndefu tumboni. Halafu mtazame mdomo. Uko chini kidogo, mdogo, na una kidomo kigumu cheusi kama cha kasuku, na kukizunguka kuna mistari ya vijino ambavyo kwa macho matupu utaviona kama vumbi. Ubavuni kushoto, kushoto tu, kuna tundu dogo la kutolea maji aliyoyavuta kwa mdomo yakapita kwenye matamvua. Mkia wake umevaa utando mwembamba juu na chini, unapitisha mwanga, una madoadoa. Pezi la kifuani hana. Sharubu hana.

Kambale, hata akiwa mdogo kiasi gani, sharubu anazo. Anazaliwa muungwana. Ana mapezi mawili kifuani, na tumbo lake huoni dawa ya mbu wala nini. Basi, elimu yenyewe ndiyo hiyo. Haihitaji mtandao wala shahada, inahitaji uiname. Na mtu wa siku hizi ukimwambia ainame unakuwa umemtukana.

Nimesema vyura walitaga juu ya matangi yetu, na baadhi yenu mmeshajiuliza vyura wanafanyaje kutaga juu. Vizuri. Chura ninayemsema ni yule wa mtini, mwenye vidole vilivyotandazika nchani, ambaye mchana wa jua kali anakaa tawini amejikusanya, amekuwa mweupe kama chokaa, wapita njia wanadhani ni kinyesi cha ndege. Kituoni tulikuwa na mti wa mkungu ulioinamia matangi. Mvua zikianza, unafika asubuhi unakuta kwenye matawi pameota mapovu meupe, makubwa kama ngumi mbili, mengine kama kichwa cha mtoto. Utotoni tuliambiwa ni mate ya jini, tukapita mbali. Kumbe ni jike ametoa maji yake akayapiga kwa miguu ya nyuma kama unavyopiga ute wa yai, na madume wamemzunguka wanasaidia kupiga, na mayai yamo humo ndani. Nje povu linakauka linakuwa gamba. Ndani linabaki bichi. Jua linawaka, upepo wa bahari unapiga, na wale watoto wamo ndani hawana habari.

Palikuwa na msimamizi mmoja, simtaji, ambaye mapovu yale yalimkera. Alisema yanachafua kituo na wageni watatuona washamba. Akaamuru matawi yote yakatwe. Tulimwambia tutandike nyavu juu ya matangi, viluwiluwi wasiingie, mti ubaki na kivuli chake. Hakutaka kusikia. Matawi yakakatwa yakatupwa uani, na ile siku nzima mapovu yakakauka juani, yakapasuka, mayai yakawa kama punje za mtama zilizoungua. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba baada ya hapo matangi yalikosa kivuli, maji yakapata moto, perege wakafa, na ripoti ikaandikwa kwamba ni ugonjwa.

Mzee Sefu aliokoa tawi moja tu. Alilifunga kwa kamba juu ya beseni lake lenye maji, nyuma ya stoo, na kila asubuhi akaniita. Kwanza hapakuwa na kitu. Kisha povu likaanza kulainika upande wa chini, likalegea, ndani ukaona vitu vinapinduka-pinduka. Juma halijaisha vizuri, mvua ikanyesha, wakaanza kudondoka. Tone la povu linarefuka, linakatika, linaanguka majini, na ndani yake kuna mmoja. Anatulia kidogo, halafu anaondoka zake. Mzee Sefu akasema hawa wameweka nyumba juu ili samaki na kunguni wa maji wasiwale mayai, na wanachagua madimbwi ya mvua kwa sababu dimbwi la mvua halina samaki. Chura mwenyewe anajua kutenganisha dimbwi na bwawa. Nikiwakumbuka baadhi ya watu niliofanya nao kazi, naona haya.

Sasa nije kwa Mwanaidi, maana ndiye sababu ya haya yote.

Mwanaidi ni mjane wa nje kidogo ya Muheza. Mume wake, Mungu amrehemu, nilimfundisha mimi mwenyewe kuchimba bwawa. Alilichimba kwa jembe na mkewe akibeba udongo kichwani, kwenye bonde lenye chemchemi, kwenye ardhi ya ukoo wa mume. Alikufa kabla hajalipandikiza samaki. Siku ya arobaini, watu wakishakula, shemeji yake, Hoza, akasimama akasema bonde lile ni zuri kwa michungwa na bwawa halijamlisha mtu. Waliobaki wakashauriana, ikakubaliwa Mwanaidi apewe vuli ile. Masika ikikaribia na hakuna samaki, Hoza analifukia na kupanda miche yake. Na bwawa likifukiwa, Mwanaidi hana kingine pale. Watoto wake wameolewa mbali, na shamba lenyewe si lake.

Mwanaidi akatafuta vifaranga. Akaja kijana wa pikipiki, Rama, na mifuko ya nailoni iliyojaa maji na vitu vyeusi vinavyotikisa mikia, akasema ni kambale safi. Mwanaidi hakuwa mjinga. Alimwambia subiri. Akapiga picha, akamtumia afisa wa eneo lake, Elibariki, kijana aliyechukua nafasi yangu nilipostaafu, aliyesoma kuliko mimi na mwenye adabu zake. Elibariki akajibu papo hapo. Jibu nimeliona kwa macho yangu kwenye simu ya Mwanaidi: "Safi sana mama, endelea kulisha," na mwisho kidole gumba kimesimama.

Kile kidole gumba ndicho kilichonifanya niandike haya. Mtu anaweka makao yake, ndoa yake na jasho la marehemu mikononi mwako, nawe unamjibu kwa kidole.

Mimi nilikwenda Muheza kwenye hitma ya mtu mwingine, nikasema nipite kumsalimu. Nikamkuta ana furaha. Akanipeleka bwawani, anatupa pumba na unga wa dagaa, na maji yakachemka kwa vichwa. Walikuwa wengi, wamenenepa, wanatikisa mikia kwa afya. Aliwapenda, ilionekana. Alikuwa amezungushia nyavu ndege wasiwale, ameng'oa magugu ukingoni, kila kitu kama nilivyomfundisha mumewe. Mimi nikaona mmoja anapanda kuvuta hewa, na pembeni ya mkia wake kitu kinaning'inia. Mguu.

Mwanaidi akanitazama.

"Dada, niambie kweli," akasema. "Usinionee huruma."

Nikachota kwa mikono, nikampindua mmoja kiganjani. Tumbo, utumbo duara ndani ya duara. Nikamsogezea aone.

"Hawa ni vyura, Mwanaidi. Vyura wa mtini. Aliyekuuzia aliwazoa dimbwini."

Akakaa chini pale pale kwenye tope na kanga yake nzuri. Hakulia. Alikaa akitazama yale maji yanavyotikisika, kisha akasema, "Nimejinyima mimi nikawapa wao dagaa."

Mimi ndiye niliyelia, kwa hasira, na sioni aibu kusema.

Habari zikafika kwa Hoza kabla hatujanawa miguu. Alikuja na dumu la dizeli na watu wawili wenye makoleo, akicheka, anasema shemeji kambale wako wameota miguu, wanakuja kutusalimia nyumbani. Alitaka kumwaga dizeli wafe wote, kesho aanze kufukia. Nikasimama mbele ya dumu. Nikamwambia maji haya yanashuka kwenye mashamba ya wenzako, na hata ukifukia leo, dizeli itabaki kwenye udongo na michungwa yako itakauka. Hilo la michungwa lilimwingia. Lakini ukweli ni kwamba nilikuwa nawatetea na wale viluwiluwi. Kosa lao lipi? Walikuwa wametulia dimbwini kwao, wanakwangua mawe, wamebakiza muda mfupi miguu ya mbele itoke, mkia unyweke mwilini, waache kula mpaka mdomo ubadilike uwe wa kukamata inzi, wapande mtini. Mtu akawazoa na ndoo, akawapa jina la samaki, na sasa wanahukumiwa kwa jina ambalo hawakujipa.

Nikawaita Rama na Elibariki, wote wawili, waje kwa miguu yao. Wakaja siku ya pili. Rama nilimuuliza aliwatoa wapi. Akasema njia ya Mkwaja, kwenye madimbwi ya kando ya barabara, chini ya miti yenye mapovu.

"Na ulijuaje ni samaki?" nikamuuliza.

"Wako majini, mama, halafu wana mkia."

"Hata ng'ombe ana mkia, yakhe."

Elibariki alicheka, nikamgeukia. Nikamuuliza yeye alijuaje, maana yeye hata mkia hakuuona, aliona picha ya mfuko. Akasema siku ile alikuwa na vijiji vingi, na pikipiki ya ofisi haina mafuta. Najua. Pikipiki ya ofisi haijawahi kuwa na mafuta tangu zama zangu. Nikamwambia kama huna mafuta andika, "Sijui, nisubiri." Maneno mawili, yanaingia kwenye simu yoyote. Aliinamisha kichwa. Si mtoto mbaya, na ndiyo maana aliniudhi zaidi.

Niliwapa kimia na ndoo. Walishinda mle bwawani, maji kiunoni, wanavua viluwiluwi na kuwapeleka kwenye dimbwi lililo chini ya mteremko, na waliokwisha kuota miguu yote wanawaruka mabegani. Mwanaidi aliketi ukingoni akiwaelekeza pa kupitisha kimia. Jioni bwawa likawa tupu, safi, na Elibariki akawa anajua kumpindua kiluwiluwi kuliko nilivyojua mimi katika umri wake.

Lakini bwawa tupu ndilo alilokuwa akilitaka Hoza. Kikao kikaitishwa barazani kwa mama mkwe wa Mwanaidi, bibi ambaye macho yamepungua nguvu lakini hakuna kinachomponyoka. Hoza alizungumza vizuri, sitamnyima sifa. Alisema makubaliano ni makubaliano, vuli imekwisha, samaki hakuna, na kijiji kizima kinacheka. Wazee wakatikisa vichwa. Niliomba kusema nikaambiwa mimi ni mgeni. Nikaketi na hasira yangu.

Mwanaidi akaomba ruhusa. Alisimama, akajifunga kanga vizuri.

"Mimi nilipewa vyura," akasema, "nikakuza vyura mpaka wakaota miguu. Nipeni samaki."

Akakaa. Mama mkwe akauliza, bila kugeuza uso, "Walikufa wangapi?"

"Sikuokota hata mmoja, mama."

Bibi akafikiri. Kisha akamwambia Hoza miche yake aipande kule juu kwenye mteremko, michungwa haipendi miguu yake ilowe, baba yake alijua hilo, sijui yeye kasahau wapi. Bonde libaki na mwanamke huyu mpaka masika ya mwaka utakaofuata.

Sikurudi Tanga kupumzika. Nilikwenda kituoni nilikofanyia kazi, nikasumbua kila mtu niliyemkuta, nikachagua vifaranga vya kambale mwenyewe, kimoja kimoja, wazima, wenye mapezi kamili. Nikavisafirisha mpaka Muheza nimevipakata mapajani, na kila shimo la barabara nikimlaani aliyeitengeneza. Nilipofika watu walikuwa wamejaa bwawani. Hoza yupo, Elibariki yupo, bibi kaletewa kiti. Nilitegemea shangwe, nitawaambia ukweli. Nilitegemea Mwanaidi anikumbatie.

Mwanaidi alinisalimu kwa heshima, akanipokea ndoo, akaiweka chini mbali na maji. Akaenda ndani akatoka na beseni jeupe. Akachuchumaa, akamimina humo vifaranga kidogo, akachota kimoja, akakilaza kiganjani chali, akakisogeza karibu na macho. Mimi, niliyestaafu kwa heshima, niliyefundisha nusu ya wenye mabwawa wa mkoa huu, nimesimama juani mbele ya kadamnasi nasubiri samaki wangu wakaguliwe. Elibariki alinitazama aone kama nitawaka.

Mwanaidi hakuwa na haraka. Alitazama tumbo, akatazama mapezi, akagusa sharubu kwa ncha ya kidole.

"Huyu ni kambale," akasema, akamwachia bwawani. Kisha akaninyooshea kiganja.

"Mwingine."